Margareta Ruta, aliyepima Norwei na Uswidi kwa visigino vya wazee

Saa moja kasorobo asubuhi, na Margareta Ruta ameshatazama visigino vya watu saba.

Hana papara, wala hapotezi muda. Anavuta blanketi kutoka upande wa miguuni, anashika kifundo cha mguu kwa kiganja, anainua, anainama kutazama chini yake, anabonyeza kwa kidole gumba. Ngozi ikirudisha rangi yake anafunika na kwenda kitanda kinachofuata. Ikibaki nyekundu anamwita muuguzi, na mzee huyo anaianza siku miguu ikiwa juu ya mto.

"Uso wa mzee unaweza kukudanganya," anasema akivua glavu. "Atakuambia amelala vizuri, hana shida, Mungu ni mwema. Kisigino hakina adabu hiyo. Kinakuambia kama usiku mtu aligeuzwa au aliachwa."

Nyumba hii ya wazee iko Clintonville, kaskazini mwa jiji la Columbus, Ohio. Margareta, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, ameifanyia kazi miaka kumi na mmoja. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa. Asubuhi ana wazee kumi na wawili wa kuwaamsha, kuwaosha, kuwavika na kuwafikisha mezani. Mwenzake mmoja asipotokea, wanakuwa kumi na sita.

Anaishi Reynoldsburg, upande wa mashariki, kwenye nyumba ndogo ambayo yeye na mumewe Leopoldi waliinunua miaka minne iliyopita. Leopoldi anaendesha mashine ya kubebea mizigo kwenye ghala la viatu, zamu ya mchana. Watoto ni wanne. Wanasemeshwa Kiswahili, wanajibu Kiingereza, na chakula wanakila bila kutafsiriwa.

"Hatulalamiki," anasema Margareta. "Kulalamika kunachukua muda."

Ila mwaka huu alikuwa na jambo la kulalamikia, na aliliendea mwenyewe. Mwezi wa tatu alipanda ndege ya safari ndefu kwa mara ya kwanza tangu ile iliyomleta Amerika mwaka 2008, akavuka bahari kwenda kuamua kitu kimoja: mama yake mzazi, Mama Fides, mwenye miaka sabini na sita, amalizie uzee wake Uswidi au Norwei.

Familia hii iligawanywa na kadi ya chakula.

Ni Warundi, na watoto wote watatu walikulia kambini upande wa Kasulu, mkoani Kigoma. Kila kaya ilikuwa na kadi yake ya posho, na majina ya kuhamishiwa ughaibuni yaliitwa kufuata kadi. Margareta alikuwa ameolewa, yuko kwenye kadi ya Leopoldi, wakaitwa Amerika. Mdogo wake Angelika alikuwa kwenye kadi ya mumewe Yonasi, wakaitwa Norwei. Baba yao alikuwa amekwisha fariki, na mama aliandikwa kwenye kadi ya Medard, kitinda mimba. Medard akaitwa Uswidi, mama akaenda naye.

Kwa bahati, au kwa huruma ya Mungu, Angelika na Medard waliangukia karibu. Angelika yuko Sarpsborg, Norwei. Medard yuko Uddevalla, Uswidi, anaendesha basi. Kwa gari ni saa moja na robo, mpaka unauvuka juu ya daraja bila hata kupunguza mwendo.

Ujirani huo ndio ulioleta ugomvi. Kwenye kundi la familia la WhatsApp, kila mmoja alikuwa anatetea nchi yake kana kwamba aliijenga. Angelika anatuma picha ya sakafu inayopashwa joto kutoka chini. Medard anatuma picha ya bei ya nyama. Angelika anataja mshahara wake wa kiwanda cha mikate. Medard anamkumbusha kwamba kila Jumamosi ya pili anavuka mpaka na gari tupu, anarudi kwao na nyama, jibini na soda za mwezi mzima.

"Nchi yenu ni bora mno," alimwambia siku moja kwa ujumbe wa sauti ambao Margareta bado anao kwenye simu. "Kasoro yake moja tu, dada. Mnakuja kula kwetu."

Angelika alimjibu kwamba wanakuja kununua kwa sababu wanazo za kununulia, na kwamba yeye Medard hajawahi kuonekana dukani Norwei, labda anaogopa kusoma bei.

Ulikuwa utani mpaka Februari, Mama Fides alipoanguka.

Medard anakaa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Chumba cha kufulia kiko chini kabisa, cha jengo zima, na kila familia inajiandikisha saa yake. Mkewe Medard anafua vizuri, hakuna asemaye vinginevyo. Lakini Mama Fides ni mwanamke wa Burundi wa miaka sabini na sita. Nguo zake za ndani hazifuliwi na mke wa mwanawe. Anazikunja ndani ya kanga, anashuka nazo mwenyewe. Siku hiyo aliona saa imebaki kidogo, akaharakisha, na ngazi sita za mwisho hakuzikanyaga.

Alivunjika kifundo cha mkono. Nyonga ilisalimika. Hospitali walimkalisha siku tatu, kisha wakamtuma mtu nyumbani kuangalia mazulia na kufunga vyuma vya kushikia bafuni. Medard alituma picha za vyuma hivyo kwenye kundi akisema, mnaona Uswidi. Angelika akajibu kwamba nchi iliyomwangusha mama haistahili pongezi kwa kumwokota. Kwake ni nyumba ya chini, hakuna ngazi hata moja, mama aje.

Baada ya hapo hawakupigiana simu wiki tatu.

Kwa desturi yao, watoto wakishindwana neno la mwisho ni la kifungua mimba. Margareta alipigiwa na Medard Jumatatu, na Angelika Jumanne. Wote wawili walimwambia kitu kilekile: aseme.

"Ningeweza kusema nikiwa hapa hapa jikoni," anasema. "Lakini nimeona watoto wa wazee wanaoamua kwa simu. Wanakuja mwisho wa mwaka, wanashangaa mama amepungua. Nikasema, naenda kutazama."

Likizo yake ni siku kumi kwa mwaka. Alikuwa amezitunza za miaka miwili. Aliwaambia wadogo zake kwamba ana siku kumi na sita pamoja na za safari, na kwamba zinatoka kwenye likizo ya miaka miwili. Wao wana wiki tano kila mwaka, Norwei na Uswidi sawa. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza, anasema, walikubaliana jambo: kwamba anayeonewa ni yeye.

Alibeba daftari la mistari. Ndani yake aliandika mambo anayoyajua: ngazi ngapi, bafu lina ukingo au halina, hospitali dakika ngapi, nani yuko nyumbani mchana, kanisa, majirani, chakula. Na visigino.

Uddevalla alikaa siku nne. Visigino vya mama vilikuwa safi, vimepakwa mafuta. Lakini tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri, Medard na mkewe wakiwa kazini, mama alikuwa peke yake ghorofa ya tatu, mkono umefungwa plasta, anatazama theluji. Mara mbili kwa siku alikuja mhudumu wa manispaa, akamsaidia kuoga, akamwachia chakula. Jirani wa mlango wa pili, mjane wa Kiswidi, alikuja kila alasiri na kahawa. Hawana lugha moja. Wanakunywa, wanaonyeshana picha za wajukuu, wanacheka, mjane anaondoka.

Margareta aliandika: mchana peke yake, ngazi hamsini na nne, rafiki mmoja.

Kisha yeye na mama wakapelekwa kwa gari Sarpsborg kwa wiki moja.

Nyumba ya Angelika ni nzuri, na Margareta hakujizuia kusema hivyo. Mlango mpana, sakafu ya joto, bafu lisilo na ukingo. Chumba cha mama kina dirisha linaloangalia bustani. Yonasi, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amekitengeneza kwa mikono yake, rangi mpaka pazia. Mitaani kwao, kila mwanzo wa majira ya joto watu wote hutoka na mafagio na toroli kusafisha barabara pamoja, kisha wanakula soseji. Yonasi anapenda siku hiyo kuliko Krismasi. Anasema ni msaragambo uleule wa nyumbani, ila huku hakuna wa kukuhesabu.

Siku ya kwanza Margareta aliandika kurasa mbili za sifa. Siku ya tatu alimshika mama kisigino, kikawa kimekauka, kina nyufa. Akaivuta ngozi ya mkono, akaiachia, ikabaki imesimama kama hema. Midomo ilikuwa na magamba.

Kwa mtu wa kazi yake, hiyo si habari ngeni. Mama hakuwa anakunywa maji.

Alianza kuangalia. Mama aliamka, akafunga mlango wa chumba. Chai aliletewa humo. Chakula cha mchana humo. Choo kiko ng'ambo ya sebule, na sebuleni, akiwa hayuko kazini, anakaa Yonasi. Mama mkwe wa Kirundi hapiti mbele ya mkwewe akielekea chooni. Hali chakula mkwe akimwona. Hatandazi nguo zake mahali anapopita. Basi Mama Fides alikuwa ameacha kunywa maji kuanzia saa sita mchana, ili asije akahitaji kuvuka sebule.

Jioni hiyo Angelika alipika ugali na samaki, akampelekea mama, wakala wanawake chumbani. Margareta alitoka nje kutupa takataka. Nje ilikuwa baridi ya nyuzi nane chini ya sifuri. Akaona gari la Yonasi limewashwa, linatoa moshi, na ndani kuna mtu.

Aligonga kioo. Yonasi alikishusha. Alikuwa na sahani mapajani.

"Shemeji, unafanya nini huku?"

"Nakula."

"Kwenye gari?"

"Mama akisikia niko sebuleni hatoki chumbani," Yonasi alisema. "Nikiwa huku anapata kwenda chooni, anapata kunyoosha miguu. Nikimaliza nasikiliza redio kidogo. Hata si vibaya, shemeji, kiti kina joto."

Margareta alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akakaa. Yonasi alimwambia kwamba amekuwa akifanya hivyo kila mama anapowatembelea, miaka sita sasa. Angelika anajua? Anajua. Mama je? Alidhani hajui.

"Nilicheka mpaka machozi yakatoka," Margareta anasimulia. "Halafu yale machozi yakaendelea. Watu wawili wanaheshimiana mpaka mmoja anakula garini na mwingine anakauka kwa kiu. Na sisi kwenye kundi tunabishana bei ya nyama."

Aliingia ndani, akachukua jagi la maji na glasi, akaenda kukaa kitandani kwa mama. Alimwambia Angelika awaache. Akamnywesha glasi ya kwanza, akangoja, akamnywesha ya pili. Kisha akamwambia ukweli: kwamba amekuja kuamua akae nchi ipi, na kwamba daftari lake limejaa na hajui aandike nini.

Mama Fides alifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Hamjaniuliza," alisema. "Mnauliza nchi. Mimi sikai kwenye nchi, mwanangu. Nakaa kwenye chumba."

Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, mambo ambayo watoto wake watatu walikuwa hawajayasikia kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwuliza. Kwa Yonasi hawezi, na si kosa la Yonasi; anajua kabisa anakula wapi, anasikia injini. Kwa Medard anapendwa, lakini jiko ni la mke wa Medard, na akihamisha sufuria anajihisi mwizi. Akasema yule mjane wa kahawa ana dada yake anayekaa kwenye nyumba za wazee kule kule Uddevalla, karibu na kituo cha basi. Walikwenda kumsalimu mara moja. Vyumba viwili, chini kabisa, jiko, mashine yake ya kufulia bafuni. Mlango wake.

"Nyumba za wazee," Margareta alirudia, na anakiri kwamba alitaka kukataa papo hapo.

Maana kuna jambo aliloapa. Miaka kumi na mmoja akiwaosha wazee wa watu, alishawaambia wenzake kanisani Columbus, zaidi ya mara moja, kwamba mama yake hatakanyaga nyumba kama ile. Kwa Warundi na Wakongo wa huku, kumpeleka mzazi kwa wazee ni kumtupa. Wapo wanaofanya kazi zamu mbili, mmoja analala mwingine anamlinda mama, kuliko kusikia neno hilo likisemwa juu yao.

Alirudi Uddevalla na siku tatu zilizobaki, akamwambia Medard apange waende kuona.

Yeye hakutazama mapazia. Medard anasema dada yake alipita pale kama mkaguzi wa serikali. Alifungua bomba, akapima maji ya moto kwa mkono. Alikaa kwenye choo, akiwa na suruali yake, aone kama mzee ataweza kuinuka. Alibonyeza kengele ya ukutani, akatazama saa. Mtu alifika baada ya dakika mbili na nusu, akaambiwa samahani, akacheka.

Lakini kilichomgeuza kilikuwa mlango wa jirani, uliokuwa wazi. Ndani kulikuwa na bibi mwenye nywele nyeupe anakunywa kahawa, na mbele yake mhudumu kijana, sare ya kazi, anakunywa pia. Ameketi.

Margareta alisimama hapo. Alimwomba Medard aulize kama yuko kwenye mapumziko. Medard akauliza. Kijana akajibu hapana, yuko kazini. Huyu bibi asipokunywa na mtu hanywi.

"Miaka kumi na mmoja sijawahi kuketi kwenye chumba cha mzee," anasema Margareta, na safari hii anasema polepole. "Si kwamba sitaki. Nina kumi na wawili. Nikiketi kwa mmoja, kuna mmoja amelala kwenye mkojo wake. Nilipomwona yule ameketi, nikafunga daftari."

Angelika alilia kwenye simu. Alisema wangeweza kutafuta nyumba kama hiyo Sarpsborg, karibu naye. Waliulizia. Ipo, na nzuri vilevile. Ila pesa ya uzeeni anayolipwa mama na Uswidi haivuki daraja. Angeanza upya kuomba ya Norwei, miezi kadhaa, bila uhakika. Na mjane wa kahawa hahami. Medard, ambaye safari hii angeweza kutamba kwamba nchi yake imeshinda, hakuandika lolote kwenye kundi. Alimtumia Angelika pesa za mafuta ya gari, naye akamrudishia.

Ilibaki baraka ya baba mdogo.

Mzee Karaha ni mdogo wa marehemu baba yao. Anaishi Buffalo, New York, anafanya kazi kiwanda cha madirisha, na dirisha la fleti yake mwenyewe linaonyesha mto na ng'ambo yake Kanada. Miaka kumi na mitano anaitazama Kanada na hajawahi kuivuka. Akiulizwa, anasema jirani unayemsalimu kwa mbali ndiye mnayedumu naye. Bila neno lake, mama wa ukoo hahamishwi.

Walikutana naye Louisville, Kentucky, mwezi wa sita, kwenye arusi ya binti wa shangazi yao. Margareta na Leopoldi walitoka Columbus asubuhi, mwendo wa saa tatu na nusu. Mzee Karaha alikuwa ametumia siku nzima barabarani kutoka Buffalo na mgongo ulikuwa unamuuma. Haikuwa siku nzuri ya kumwomba kitu. Lakini Margareta hana siku nyingi za kuchagua.

Walikaa naye nyuma ya ukumbi, jikoni, wanawake wakipakua pilau pembeni na kujifanya hawasikii. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo Margareta alikuwa akiliogopa tangu Sarpsborg.

"Margareta mwanangu. Wewe unalipwa kuwatazama wazazi wa Wazungu. Wa kwako unawapa Wazungu wamtazame?"

Vijiko vya kupakulia vilisimama.

"Ndiyo, baba mdogo," alijibu. "Kwa sababu najua wanavyotazamwa. Mtu asiyejua angeweza kudanganywa na mapazia."

Mzee Karaha alisema kwamba mama mwenye watoto watatu hai halali peke yake kama mjane asiyezaa. Akasema watu watasema. Leopoldi, ambaye hapendi maneno, alisema watu hao waje kumwosha. Hilo halikusaidia.

Margareta akatoa simu, akapiga ya video. Uddevalla ilikuwa usiku, Mama Fides alikuwa amevaa kofia ya sufu. Walisalimiana kirefu yeye na shemeji yake, wakaulizana mgongo, mkono, mvua, wafu na walio hai. Ndipo Mzee Karaha akamwuliza kama ni kweli anataka kwenda kukaa kwa wazee, au watoto wamemlisha maneno.

"Shemeji," Mama Fides alisema, "nilikaa kwa baba yangu. Nikakaa kwa kaka yako, Mungu amrehemu. Nikakaa kwa Umoja wa Mataifa miaka kumi na saba. Nimekaa kwa Medard. Kwangu ni lini?"

Mzee Karaha aliisogeza simu karibu na macho. Nje, mshereheshaji alikuwa anawaita wazazi wa bwana arusi. Hatimaye akauliza:

"Hiyo nyumba ina jiko?"

"Lina plate nne."

"Basi nikija utanipikia maharage," alisema, na kumrudishia Margareta simu. Ilikuwa ndiyo. Wanawake wakaendelea kupakua.

Mama Fides alihamia tarehe moja Septemba. Ana kengele ya mkononi kama saa, na mhudumu anapita asubuhi na jioni. Mjane wa kahawa sasa anapanda basi vituo viwili. Angelika bado anavuka mpaka kila Jumamosi ya pili. Ananunua nyama, kisha anashinda kwa mama mpaka jioni. Na Yonasi anakuja naye. Alifunga rafu jikoni, akatengeneza mguu wa meza. Mama Fides anampakulia, anaiweka sahani mezani, anaingia chumbani kwake na kuacha mlango wazi. Yonasi anakula mezani, mama anakula ndani, na wanazungumza kupitia mlango huo. Medard, aliyeshuhudia, anasema wanazungumza sana.

Kule Columbus, watu kanisani hawajaacha kumwuliza Margareta nchi ipi ni bora. Wengine wana ndugu huko, wengine wanataka tu ubishi wa baada ya ibada. Huwajibu bila kuzunguka. Norwei inalipa zaidi. Uswidi inashibisha kwa bei rahisi. Giza la Desemba ni lile lile, na pande zote mbili watu hawasalimiani kwenye basi. Daktari utamwona bila kuuza gari. Huku Ohio kuna jua, kuna kanisa la watu mia mbili wanaoimba, na nyumba yenye jina lake kwenye hati. Hataki kuhama. Bintiye mkubwa, aliye darasa la mwisho sekondari, alimwambia kwa Kiingereza kwamba mama yake akizeeka atampeleka popote penye lifti. Margareta alimwambia asome kwanza.

Januari ataanza masomo ya jioni ya uuguzi, miezi kumi na minane. Akihitimu mshahara utapanda, lakini hiyo si sababu anayoitaja kwanza. Muuguzi anakaa kwenye kikao kinachopanga mhudumu mmoja apewe wazee wangapi. Anataka kuwa kwenye kikao hicho.

"Nitawaambia kumi na wawili ni wengi," anasema. "Watanichoka. Sawa."

Na Juni ijayo anakwenda Uddevalla, siku saba. Hatafikia kwa Medard, wala kwa Angelika. Atafikia kwa mama yake, jambo ambalo katika miaka arobaini na minane hajawahi kulifanya, kwa sababu mama hakuwahi kuwa na kwake. Wiki iliyopita alimpigia kumwuliza kama amwambie Medard atoe nakala ya ufunguo, ili akichelewa kufika asimwamshe.

Mama Fides alikataa. Medard mwenyewe hana nakala, alisema, na wala hatapewa.

"Ukifika utapiga hodi," alimwambia. "Nikiwa tayari, nitakwambia karibu."

Margareta anasema atapiga hodi, na atasubiri nje hadi aambiwe.